Siku nne Turiani, msituni kwa sange na perere

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, mwambie mtoto wa mjini kwamba utampeleka kutazama wanyama, naye papo hapo ataanza kuhesabu vidole: simba, tembo, twiga, nyati. Ndivyo alivyofanya binti yangu wa miaka tisa nilipomweleza kwamba sehemu ya likizo ya Juni tutaitumia mkoani Morogoro. Aliamini kwamba tunakwenda Mikumi. Nilipomwambia kuwa safari yetu ni ya Turiani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko nako kuna simba. Nikamjibu kwamba msituni tuendako hatutaona simba, bali wako jamaa wawili wa tembo: mmoja anatosha kuingia katika kapu la sokoni, na mwingine hukaa juu ya mti na kupiga makelele usiku. Hakuniamini. Sikumlaumu, maana hata mimi jambo hilo nilikuwa nimelisoma tu vitabuni, sijaliona kwa macho.

Kabla sijaendelea, ni vema nisahihishe kosa ambalo nimelisikia hata kwa watu wazima waliosoma. Milima inayouinamia mji wa Morogoro ni Uluguru, nayo inastahili makala yake. Turiani haiko huko. Kutoka stendi ya Msamvu basi hushika barabara ya Dodoma, huvuka Mto Wami pale Dakawa, hufika Magole, ndipo huiacha barabara kuu na kukunja kulia kuelekea kaskazini. Milima itakayokujia mkono wa kushoto kuanzia hapo, ya buluu kwa mbali na ya kijani unapoikaribia, ndiyo Nguru, na Turiani imekaa miguuni pake, katika Wilaya ya Mvomero. Safari nzima ni zaidi ya kilomita mia moja, na ukipata basi la asubuhi utafika kabla ya chakula cha mchana.

Njia yenyewe ina mengi ya kumsimulia mtoto. Dakawa ndipo wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipopewa ardhi na nchi yetu mwaka 1982, wakajenga makazi ya vijana wao. Magole na jirani yake Dumila ndipo mafuriko ya Januari 2014 yalipoikata barabara ya Dodoma na kuwaacha watu wengi bila nyumba. Ukiisha kukunja kulia, huanza mashamba ya mpunga ya Mkindo, yaliyokatwa mifereji kwa ustadi, halafu miwa, miwa na miwa, hadi unapoiona mioshi ya kiwanda cha Mtibwa. Wapenzi wa kandanda hawahitaji kuelezwa Mtibwa ni wapi: tima ya kiwanda hicho ilitwaa ubingwa wa ligi yetu mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ikawaacha vigogo wa Dar es Salaam wakitazamana. Tulipopita, miwa ilikuwa ikichomwa tayari kwa kukatwa, na majivu meusi yalielea hewani yakatua katika sketi nyeupe ya binti yangu. Harufu ya molasi iliingia ndani ya basi na kukaa nasi mpaka mwisho wa safari.

Turiani yenyewe ni mji mdogo wenye joto. Uko bondeni, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hali vilele vilivyo nyuma yake vinapanda hadi karibu mita 2,400. Tofauti hiyo ndiyo siri ya msitu wote. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu hupita juu ya tambarare bila kizuizi, kisha huigonga milima hii, hupanda, hupoa, na kuumwaga mzigo wao upande huu wa mashariki. Upande wa pili, wa kuelekea Dodoma, hubaki na makombo. Wataalamu huiita safu nzima, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, Tao la Mashariki, na hutueleza kwamba misitu yake imedumu kwa miaka ipatayo milioni thelathini, kwa sababu bahari ile haikuacha kuinywesha hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakawa kama watu wa kisiwani: wana lahaja yao na sura yao.

Tulifikia katika nyumba ya wageni iliyo nje kidogo ya mji, mahali ambapo mashamba ya ndizi yanakutana na miti ya msitu. Usifikirie hoteli. Ni vyumba vichache vya bati, chandarua kisichotoboka, ndoo ya maji ya moto ukiyaomba mapema, na mama mpishi ambaye wali wake wa Mkindo kwa kisamvu cha nazi utanifanya nirudi hata kama msitu hautakuwepo. Chai yake alitia iliki bila kuuliza. Nakuomba, msomaji, uikumbuke iliki hiyo, maana nitairudia.

Usiku ule wa kwanza, yapata saa nne, binti yangu alinirukia kitandani. Kutoka msituni ilisikika sauti ambayo siwezi kuieleza vizuri: ilianza kama mlango wenye bawaba kavu, ikapanda kama mtu anayekabwa koo, ikaishia kwa mayowe. Ikajibiwa na nyingine upande wa pili wa bonde. Mama mpishi alicheka nje ya dirisha akasema, "Perere huyo, mwanangu. Mdogo kuliko hata sungura. Makelele yake ndiyo makubwa." Perere ni ndugu wa pimbi, ila yeye hukaa mitini, na wataalamu wa ukoo wa wanyama humweka karibu na tembo kuliko karibu na panya au sungura, kwa kuchunguza meno yake, kwato zake na mambo mengine ya mwilini ambayo sisi wengine hatuyaoni. Binti yangu alitafakari habari hiyo kwa muda mrefu gizani. Mwishowe akasema, "Huyo mmoja. Bado wa kapuni."

Asubuhi ya pili tuliingia msituni tukiongozwa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mtu mwembamba mwenye panga kiunoni na viatu vya mpira. "Shikamoo babu," alisema binti yangu. "Marahaba mjukuu wangu. Huko tuendako tunasema kidogo, tunatazama sana." Msitu huu zamani ulikuwa umegawanyika katika misitu ya hifadhi ya Nguru Kusini na Mkindo; mwaka 2016 ukaunganishwa na kupandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mkingu, yenye zaidi ya hekta 26,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Vibali hutolewa na ofisi ya hifadhi, nami nakushauri uvishughulikie siku moja kabla badala ya kufika mlangoni ukianza kubishana.

Mtu aliyezoea mbuga atapata shida saa ya kwanza. Mbugani mnyama unamwonyeshwa. Msituni unamsikia kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Tulisimama, tukatembea hatua ishirini, tukasimama tena. Mbega ndio waliojitokeza mapema, juu kabisa, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, wakiruka kutoka tawi hadi tawi kama mapadri waliochelewa ibada. Mzee alimweleza binti yangu kwamba mbega hana dole gumba, akamfundisha kushika tawi kwa vidole vinne tu ili ajue. Hondohondo walipita juu yetu, na mabawa yao yalivuma kama mtu anayepepea mkaa. Ndege huyu ana desturi ambayo ukurasa wa familia hauwezi kuiacha: wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti, mlango huzibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na kwa majuma mengi dume ndiye atafutaye matunda na kumlisha mkewe na makinda kupitia ufa huo. Wako akina baba ninaowafahamu ambao ningependa wapelekwe Turiani kwa masomo.

Jamaa wa kapuni tulimpata karibu na saa tano, tulipokuwa tumekaa kimya kula ndizi za kuchoma. Majani makavu yalichakarika. Akatokea mnyama mwenye ukubwa wa paka mdogo, mbele ana rangi ya kutu, nyuma mweusi kama masizi, miguu membamba kama vijiti, na pua ndefu inayopinda huku na huko ikinusa chini ya majani. Huyo ndiye sange. Alisimama, akatutazama kwa jicho moja kubwa, akapiga mguu chini mara mbili tatu, kisha akatoweka kwa mrukoruko. Binti yangu alikuwa ameishika ndizi mdomoni bila kuitafuna. "Pua," alisema tu. Naam, pua, na ukoo wake, kama wa perere, umo katika kundi moja kubwa na tembo. Nilijisikia kama mtu aliyelipa deni.

Siku hiyo hiyo tulionyeshwa kinyonga ambaye, nakiri, ningempita mara mia. Alikuwa amekaa juu ya kijiti, rangi ya jani lililoanza kuoza, hazidi urefu wa kidole cha kati, na puani ana kitu kilichochongoka kama ncha ya jani. Wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2006 tu, na mahali ajulikanapo kuishi ni katika milima hii ya Nguru Kusini. Mwaka 2010 walitangaza vilevile chura wa Mlima Kanga, ule mlima uliojitenga kaskazini ya Mtibwa, wakampa jina la mlima wenyewe. Fikiria, msomaji: watu wamelima miwa chini ya mlima huo kwa miongo kadhaa, timu ya mpira ikachukua ubingwa mara mbili, na juu kule akakaa kiumbe ambaye hakuna aliyemwandika.

Usiku wa pili mzee alitupeleka na tochi pembezoni mwa kijito. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Juu ya jani la mgomba-mwitu, sawa na usawa wa kifua changu, alikuwapo chura mdogo wa hudhurungi ambaye angeweza kukaa juu ya sarafu. Yeye ni wa ukoo wa vyura wanaozaa. Sina maana ya kutaga; nina maana ya kuzaa. Vyura wengi tuwajuao huyaacha mayai majini, yakatoa viluwiluwi. Lakini katika ukoo huu watoto hukua tumboni mwa mama na kutoka wakiwa vyura kamili, wadogo kama punje. Ukoo huo haujulikani popote duniani ila Tanzania. Mmoja wao unamfahamu kwa jina, maana magazeti yetu yalimwandika mno: chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, maji yakapungua, manyunyu yakakoma, na baada ya miaka michache hakuonekana tena; mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Kilichomwokoa ni kwamba mia kadhaa walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2010 wazao wao wakarudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Nilipomsimulia binti yangu habari hii, swali lake lilikuwa moja: "Nani alikuwa akimwonyesha tochi Marekani?"

Nilitaka kumuuliza mzee mambo mengine kuhusu vyura, lakini alikuwa akitazama upande mwingine, juu ya kijito. Akasema, kama anayejisemea, "Kesho nitawapeleka shambani kwangu." Nilidhani ana maana ya shamba la kijijini.

Siku ya tatu tulipanda kwa muda wa saa tatu. Njia hiyo ni sehemu ya ile iendayo juu kwenye vijiji vya Maskati na Pemba. Usishangae: Nguru nayo ina Maskati yake na Pemba yake, mbali na bahari, ambako watu hulima maharage na kuvaa sweta. Tulipishana na akina mama wakishuka na mizigo kichwani bila kushika kitu, nasi wenye mikono mitupu tukihema. Baadaye mzee aliiacha njia, akakata kushoto, akasimama mahali palipo wazi kidogo.

"Hapa ndipo palipokuwa shamba langu," alisema.

Nilitazama. Sikuona shamba. Miti mikubwa ilisimama kila upande: mkangazi, mvule, na ule mti wenye matunda makubwa yanayoning'inia ambao Waluguru huuita mkani na Wasambaa msambu. Paa la majani lilikuwa limekamilika juu yetu. Mtu akipita kwa ndege angeapa kwamba huu ni msitu kama mwingine.

"Iliki haipendi jua, mama," alinieleza. "Ukikata miti mikubwa, inakufa. Kwa hiyo tuliacha wakubwa, tukafyeka wadogo."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofumbuliwa macho. Iliki ni wa jamaa ya tangawizi. Majani yake hupanda juu kuliko kichwa cha mtu, lakini maua na matunda yake hutambaa chini kabisa, karibu na udongo, na ili uyachume ni lazima chini pawe peupe. Kila mche wa mkangazi, kila mtoto wa mvule, huondolewa kwa panga mwaka baada ya mwaka. Tena, mavuno huanikwa juu ya moto, nao moto unataka kuni. Msitu wa iliki haufi siku moja kama msitu wa mkaa. Unabaki umesimama vizuri, wenye kivuli, wenye ndege, mfano wa kijiji ambacho wazee wapo, mabibi wapo, nyumba zimefagiliwa, lakini hakuna mtoto hata mmoja anayecheza uwanjani. Siku mti mmoja mkubwa unapoangushwa na upepo, hakuna wa kushika nafasi yake. Jua huingia, iliki hufa, na mkulima husogea mbele kufyeka pengine.

Binti yangu alikuwa amechutama akiangalia miche. Sasa ipo. Tangu mzee alipoliacha shamba hilo, chini pamejaa tena, mingine imefika magotini, mingine imempita yeye kimo. Akauliza swali ambalo mimi kwa adabu za kiandishi nisingelithubutu. "Babu, mbona hukupanda nyumbani?"

"Nyumbani palikuwa na jua, mjukuu wangu. Miti ya nyumbani tulikuwa tumekwisha ikata."

Halafu akaketi juu ya mzizi, akatueleza bila kuulizwa. Nyumba yake aliiezeka bati kwa iliki. Mwanawe wa kwanza alimaliza kidato cha nne kwa iliki. Ulinzi wa msitu ulipokazwa, na watu wa uhifadhi wakaja kufundisha ufugaji wa nyuki, mabwawa ya samaki na upandaji wa miti ya kivuli mashambani, alitoka, kwa kuwa alikuwa ameona kijito kilichokuwa karibu na nyumba yao kikikauka kila kiangazi, jambo ambalo baba yake hakulijua. Alipanda miti nyumbani, akapanda iliki chini yake. Lakini mti hukua kwa miaka yake, na ada hudaiwa kwa mwezi wake. Mwanawe wa pili aliacha shule.

"Sijutii msitu," alisema. "Namjutia yule kijana."

Sikuwa na la kumjibu. Katika ofisi zetu za mjini tumezoea kuandika juu ya "waharibifu wa misitu" kana kwamba ni kabila fulani. Tunasahau kuhesabu mnufaika. Maji yanayotoka chini ya miche ile huingia Mto Diwale, ambao wenyeji wengi huuita Divue, na vijito wenzake. Hunywesha miwa ya bondeni na mpunga. Huungana na Wami, ambao mradi wa maji wa Chalinze huuteka, na hatimaye huingia baharini karibu na Saadani. Kwa hiyo mkazi wa Chalinze anayefungua bomba, na mimi ninayetia sukari katika chai ya jioni, tumelindiwa mlima. Gharama ya ulinzi huo ilitoka katika mfuko wa baba mmoja mwenye viatu vya mpira. Naona tumepata kwa bei rahisi mno, na sioni kwamba risiti imewahi kutolewa. Kazi ya kuongoza wageni ingeweza kumrudishia kitu, kama wageni wangekuja. Alituambia kwamba wanaokuja zaidi ni wataalamu wa vyura, nao huja kwa misimu, hulala mahemani, hawanunui hata kikapu.

Kwa nini sisi wananchi hatuendi? Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kuna nyumba nzuri za wageni tangu hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1992, na maporomoko ya Sanje huvuta watu kutoka mbali. Amani, kule Usambara Mashariki, kuna nyumba za kulala katikati ya bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kote huko, daftari la wageni lina majina ya kigeni kurasa kwa kurasa. Tumeacha jambo la kutazama nchi yetu liwe la watu wenye pasipoti. Gharama si kisingizio kwa kila mtu: kwa fedha ambazo familia ya mjini humaliza kwa harusi moja ya jirani, mtu na mwanawe wanaweza kukaa Turiani siku nne. Nenda kati ya Juni na Oktoba, maana masika huzifanya njia kuwa utelezi mtupu. Chukua viatu vya kufunga, soksi ndefu za kuwakatisha tamaa siafu, sweta kama utapanda juu, na tochi. Mwongoza njia mlipe mkononi, mwenyewe, na usimpunguzie.

Siku ya nne ilikuwa ya mapumziko. Asubuhi tulikwenda Mhonda, ambako mapadri wa Bagamoyo walifungua misheni mwaka 1877 na kuwaweka watu waliokombolewa utumwani. Tulioga mtoni, maji yakiwa baridi kiasi cha kuuma meno. Mchana tulipanga mizigo, tukampitia mzee kumwaga. Shamba lake la nyumbani lilikuwa nyuma ya ile nyumba ya bati: migomba, miti michanga ya kivuli, na chini yake iliki, mashina machache yenye afya. Alitupa konzi moja katika karatasi. Nilipotaka kulipa, alikataa kwa ukali, akasema hiyo ni ya mjukuu.

Konzi moja haitoshi nyumba yenye watu sita na wageni wa Jumapili. Tukiwa tunangoja basi niliingia sokoni, nikamkuta kijana ameanika iliki nyingi juu ya gunia, nzuri, ya kijani. Nilimuuliza kama imelimwa mashambani au imetoka msituni. Alinitazama toka juu hadi chini, akatazama viatu vyangu vyenye matope.

"Dada, unanunua iliki au unanunua shamba?"

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao, nikanunua vipimo viwili. Binti yangu hakungoja. Alikuwa ameshatangulia ndani ya basi kushika kiti cha dirishani upande wa milima, ambao wakati wa kurudi ni wa kulia.